Jasho la Mabati: Unyevu Darini na Namna ya Kuuondoa



Mwezi wa Julai mwaka mmoja, nikiwa katika ukaguzi wa kawaida wa chama cha msingi kimojawapo cha Wilaya ya Mufindi, si mbali na Mafinga, niliomba kuonyeshwa leja ya malipo ya wakulima ya msimu uliotangulia. Katibu alipanda ngazi, akaingia darini, akashuka na kitabu kilichovimba na kurasa zilizogandana. Mwanachama mmoja alikuwa akidai malipo ya pili, ambayo alisema hajayapata. Ukurasa wenye jina lake ulikuwa miongoni mwa zile zisizofunguka. Kando ya mahali pa leja yalikuwapo magunia 20 ya mahindi ya akiba, na yale ya juu yalikuwa yameanza kuota ukungu wa kijani.

Kamati ilinieleza kwamba paa linavuja. Kwa sababu hiyo chama kilikuwa kimekwisha kununua lami mara mbili, na mara mbili kumlipa fundi azibe matundu ya misumari. Niliuliza mvua ya mwisho ilinyesha lini. Wakanijibu kuwa ni mwanzoni mwa Mei. Basi maji yanayodondoka Julai yanatoka mawinguni gani?

Kesho yake tulipanda darini alfajiri, kabla jua halijagusa paa, tukiwa na tochi. Hatukuona tundu hata moja. Lakini chini ya kila bati palikuwa na utando wa maji, na kwenye ncha ya kila msumari lilining'inia tone. Paa lilikuwa zima kabisa, na ndani yake mlikuwa mkinyesha.

Maji hayo hutoka wapi

Hewa hubeba maji yasiyoonekana, yaani mvuke. Hewa yenye joto hubeba mengi, na hewa baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 huweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Zinazosalia hazina budi kuachwa mahali, nazo huachwa juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote, ambacho katika nyumba zetu ni bati. Kwetu huku milimani, ambako usiku wa Juni na Julai mara nyingine huamka na jalidi juu ya majani, bati huwa baridi hata kuliko hewa ya nje, kwa sababu huelekea anga tupu usiku kucha. Mchana bati hilo hilo huunguza mkono. Hivyo vitu vilivyomo darini hulowa usiku na kuchemka mchana, hali ambayo kuvu huipenda mno.

Mvuke wenyewe hutokana na pumzi za watu waliolala, sufuria jikoni, nguo zinazoanikwa ndani, na hata moto. Wengi wetu sasa tunapikia gesi, na ni vema tujue kwamba kila kilo moja ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke.

Lakini chanzo kikubwa kuliko vyote ni kile ambacho kamati ile haikukidhania hata kidogo, nacho ni mahindi yenyewe. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 likipandishwa darini na unyevu wa asilimia 18, nalo likakaukia huko hadi asilimia 13, hupoteza karibu kilo 6 za maji. Magunia 20 hutoa lita zipatazo 115, yaani zaidi ya nusu ya pipa la lita 200. Ni sawa na mtu kubeba ndoo za maji ngazini, moja baada ya nyingine, akayamwagia mabati kwa upande wa ndani.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Wazee wetu waliweka mahindi darini miaka mingi, nayo hayakuoza. Ni kweli, lakini chini ya dari lile palikuwa na meko, na juu yake palikuwa na nyasi. Joto na moshi vilipanda kila siku vikikausha nafaka na kufukuza wadudu, na nyasi zilipitisha mvuke. Tulipoezeka mabati tulifanya vema. Tulipohamisha jiko ili akina mama wasiumie macho na vifua, tulifanya vema zaidi. Kisha tukaziba upenu kwa udongo na saruji kwa kuogopa baridi na panya. Mahindi tu ndiyo hatukuyahamisha.

Kutofautisha kuvuja na jasho

Katibu asinunue lami kabla ya kupanda darini mara mbili, mara moja mvua ikinyesha, na mara moja alfajiri ya usiku wa baridi usio na mvua. Maji ya kuvuja huja na mvua, hutokea mahali pamoja au pawili, na huacha michirizi ya rangi ya chai juu ya kenchi. Jasho huja bila mvua, huenea paa zima, na hukauka jua likipanda. Ndiyo maana fundi anayeitwa saa nne asubuhi haoni kitu, akabaki kukisia.

Kulifungua paa

Dawa ya jasho ni upepo. Hewa yenye mvuke lazima ipate njia ya kutoka juu, na hewa kavu ipate njia ya kuingia chini. Wajenzi wa nchi nyingi hufuata kipimo kwamba eneo la matundu yote pamoja liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Kwa jengo la mita 9 kwa 8, dari ni mita za mraba 72, hivyo matundu yafikie karibu nusu mita ya mraba. Nusu ya matundu hayo yakae chini ya upenu: 12 kila upande, kila moja sentimita 10 kwa 10. Nusu nyingine ikae juu kwenye gebo, tundu moja kila upande, la sentimita 30 kwa 40. Yote yawekwe wavu wa chuma wenye macho madogo ili panya, ndege na popo wasiingie. Na kwa kuwa wavu hula nafasi, fundi ayapanue kidogo. Paa lisilo na gebo litatolea hewa kileleni, kwa kuinua kofia ya bati kidogo na kuifanya pana ya kutosha kuzuia mvua ya upepo.

Najua swali litakaloulizwa mkutanoni: na baridi je? Baridi huzuiwa kwenye dari, si kwenye upenu. Ziba nyufa za dari, mahali pa taa, na hasa mlango wa kupandia, ili joto na mvuke wa chumbani visipande. Bomba la moshi lisiishie darini, bali lipite hadi juu ya paa.

Mbao nazo zinataka neno. Tunakaa jirani na shamba la miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na kwa hiyo tumezoea kununua mbao zikiwa mbichi kabisa. Mbao mbichi ya paini huweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mti wake mkavu, au zaidi. Ipangwe kwa vijiti kati ya mbao na mbao, chini ya kivuli penye upepo, hadi ikauke. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi ikiwa unyevu wake uko chini ya asilimia 20. Mbao iliyotiwa dawa ni njema kwa kenchi, lakini isiwe sakafu ya kulazia nafaka.

Nafaka, na yaliyokwisha haribika

Mahindi yasipande darini kabla ya kushuka hadi asilimia 13. Chama chenye kipimo cha unyevu kiwasaidie wanachama wake. Asiye na kipimo atie mahindi mkono mmoja katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, aitikise, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi turubaini. Isipogandamana, yaanikwe siku mbili zaidi kwa usalama.

Dari lililokwisha lowa litolewe vitu vyote, lifunguliwe, na kuachwa likauke. Miezi ya Agosti hadi Oktoba ndiyo bora. Kenchi zichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao hiyo ibadilishwe. Ukungu wa juu uoshwe kwa maji na sabuni, anayeosha akiwa amefunika pua na mdomo.

Mahindi yenye ukungu yasipewe mifugo wala yasipikiwe pombe. Sumukuvu haimalizwi kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu; na mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Dodoma na Manyara. Mtu asijifariji kwa ubaridi wa Mufindi, maana chini ya bati saa saba mchana hakuna ubaridi.

Chama kile kiliyatupa magunia saba, kikatoboa upenu na gebo, na leja zikahamia kabati la chini ofisini. Julai iliyofuata nilipanda tena alfajiri, nikapapasa misumari, mkono ukatoka mkavu. Ule ukurasa haukufunguka kamwe. Yule mwanachama alilipwa kwa ushahidi wa stakabadhi zake mwenyewe, ambazo mkewe alikuwa amezitunza ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko.