Meseji Haichelewi kwa Sababu ya Flutter

"Kwa programu ya kuchati na wateja, Flutter na React Native, ipi inafikisha meseji haraka?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na limenichosha. Hakuna inayofikisha meseji. Kazi yao ni kuchora skrini.

Mfanyabiashara mmoja alishalipa programu yake nzima iandikwe upya kwa Flutter, eti React Native ilikuwa nzito ndiyo maana meseji zilichelewa. Nilimwomba simu yake, nikazima skrini, nikaiacha mezani. Tulikunywa chai nusu saa, kisha nikamtumia meseji tatu kutoka kwenye kompyuta. Kimya. Alipofungua programu, zote tatu zikaingia kwa mkupuo. Ugonjwa ulikuwa palepale, pesa imekwenda.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia, imezimwa skrini na haiko kwenye chaji huzinyima mtandao programu zilizo nyuma. iPhone nayo huisimamisha programu muda mfupi baada ya kuiacha. WebSocket uliyoifungua, yaani njia ya wazi kati ya programu na seva, kwa lugha yoyote, inakatika. Hapo ndipo watu huja na dawa ya mtaani: "Mwambie mteja azime kitunza chaji." Jamani! Unamwomba mtu ambaye chaji yake lazima imfikishe jioni aimalize kwa ajili yako? Ataifuta programu yako, na atakuwa na haki.

Dawa yenyewe iko kwenye seva. Programu inapokuwa nyuma, seva ipitishe arifa kwenye huduma ya Google, yaani FCM, au ya Apple, APNs, kwa sababu simu yenyewe imezihifadhia hizo mlango wazi. Kwenye FCM, weka kipaumbele cha juu, la sivyo arifa nayo italala. Kila meseji ipewe namba yake ya pekee kwenye simu kabla ya kutumwa, ili mtandao ukikatika na simu ikatuma tena, seva itambue marudio na kuyatupa. Hifadhi mazungumzo ndani ya simu kwa SQLite, na mtandao ukirudi, simu iombe tu yaliyofuata baada ya namba ya mwisho ya mfuatano iliyopokea kutoka kwa seva.

Sasa chagua. Timu inajua JavaScript? React Native, Discord wanaitumia kwenye iPhone tangu 2015. Mnaanza upya na mnataka mwonekano mmoja kila simu? Flutter. Mna watu wa Kotlin? Kotlin Multiplatform, ilitangazwa kuwa imara Novemba 2023. Wateja wanakuuliza kupitia tovuti tu? Usijenge programu yoyote.

Na kabla hujamlipa mtu aandike upya, zima skrini ya simu yako, subiri nusu saa, halafu jitumie meseji.