Nucleus: Bendi ya Jazi na Roki Isiyopewa Haki Yake

Nucleus ilikuwa bendi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1969 na mpuliza tarumbeta Ian Carr, na ni miongoni mwa bendi za kwanza barani Ulaya kuchanganya jazi na roki. Carr alizaliwa Dumfries, Uskoti, mwaka 1933, akasomea fasihi ya Kiingereza mjini Newcastle. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 aliongoza kundi la watu 5 pamoja na mpuliza saksafoni Don Rendell, kundi lililoheshimika sana miongoni mwa wapenzi wa jazi nchini humo. Lilipovunjika, Carr angeweza kuendelea na njia aliyokwisha kuizoea. Badala yake aliwakusanya wanamuziki waliokuwa tayari kutumia vyombo vya umeme.

Jazi inayozungumziwa hapa si ile ya bendi za dansi kama Morogoro Jazz au OK Jazz, bali ile iliyozaliwa Marekani, ambayo kiini chake ni mwanamuziki kubuni papo hapo akiwa jukwaani. Roki ililetea jazi gitaa la umeme, sauti nzito na mdundo usioyumba. Mtu anayetajwa zaidi katika mchanganyiko huo ni Miles Davis, ambaye albamu yake Bitches Brew ilitoka Machi 1970. Lakini Nucleus walirekodi albamu yao ya kwanza, Elastic Rock, mjini London mnamo Januari mwaka huohuo, kabla Bitches Brew haijafika madukani. Kuwaita waigaji wa albamu hiyo ni kuwaonea.

Kikosi cha kwanza kilikuwa na watu 6. Pamoja na Carr alikuwamo Brian Smith kutoka New Zealand kwenye saksafoni, Chris Spedding kwenye gitaa, Jeff Clyne kwenye besi, na John Marshall kwenye dramu. Wa sita alikuwa Karl Jenkins kutoka Wales, aliyepiga kinanda, akapuliza saksafoni nzito ya bariton, na pia obo, ala yenye ulimi pacha kama zumari la pwani ya Afrika Mashariki. Obo ni nadra mno katika jazi, na sauti yake kali yenye huzuni iliipa Nucleus rangi ambayo bendi nyingine hazikuwa nayo. Sehemu kubwa ya tungo za mwanzo zilikuwa za Jenkins.

Muziki wao umejengwa juu ya besi. Kipande kifupi hurudiwa bila haraka hadi kimkae msikilizaji mwilini. Juu yake tarumbeta na saksafoni huingia pamoja na kiitikio, kisha mmoja hujitenga na kubuni yake huku wenzake wakiendelea kushikilia mdundo. Aliyezoea muziki wa dansi hatapotea humo. Katika Elastic Rock nyimbo kadhaa zimeunganishwa, moja ikimiminikia nyingine, na hakuna anayekimbilia kuonyesha wepesi wa vidole. Bendi nyingi zilizofuata katika muongo wa 1970 ziligeuza fani hii kuwa mashindano ya kasi, na nyingi kati ya hizo leo zinachosha. Nucleus waliacha nafasi kati ya noti na noti, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya muziki wao kutochakaa.

Mwaka 1970 walishinda tuzo ya kwanza katika tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, ushindi uliowapeleka kwenye tamasha la Newport nchini Marekani. Zilifuata albamu We'll Talk About It Later na Solar Plexus, zote za mwaka 1971. Hiyo ya pili ni utungo mrefu wa Carr uliokuzwa kutoka vipande viwili vifupi vinavyosikika mwanzoni, ukapigwa na kikosi kilichoongezewa watu, akiwamo mpuliza tarumbeta Harry Beckett, mzaliwa wa Barbados. Labyrinth ya mwaka 1973 ilitokana na kisa cha Kigiriki cha Minotaur, na ndani yake mwimbaji Norma Winstone anatumia koo lake kama ala.

Kwa nini basi jina lao halitajwi pamoja na bendi mashuhuri za fani hii kama Weather Report au Mahavishnu Orchestra? Bendi haikutulia. Wanamuziki waliingia na kutoka, na wengi waliishia Soft Machine, bendi nyingine ya Uingereza. Soft Machine ilipotoa albamu ya Bundles mwaka 1975, wanne kati ya watano waliokuwamo, yaani Jenkins, Marshall, mpiga besi Roy Babbington na mpiga gitaa Allan Holdsworth, walikuwa wamepitia kwa Carr. Hata kipande kikuu cha "Hazard Profile" kilichomo humo kilikwisha kusikika katika "Song for the Bearded Lady" ya Nucleus. Jenkins baadaye alipata umaarufu mkubwa zaidi kwa The Armed Man, misa yake ya kuombea amani. Carr naye wengi walimjua kwa kalamu kuliko tarumbeta, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya maisha ya Miles Davis. Alifariki Februari 2009.

Rekodi zao hazijaachwa zipotee. Onyesho lao la Bremen, Ujerumani, la mwaka 1971 lilitolewa kwenye CD mwaka 2003, na mwaka 2019 rekodi zao za kampuni ya Vertigo zilikusanywa katika CD 6 kwa jina Torrid Zone. Asiyewahi kuwasikia aanze na Elastic Rock, aisikilize bila kukatiza kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha aendelee na We'll Talk About It Later.