Sumukuvu: mahindi ya ghalani hayapiti kwa mkaguzi

Mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara wakiwa na dalili kama macho ya njano, kutapika na tumbo kujaa maji. Watu 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, mengi yakiwa ya kulima wenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS), lakini mkaguzi huenda kiwandani, dukani na mpakani. Debe linalotoka ghalani kwenda mashine ya kusaga kijijini halipimwi na mtu. Sumu yenyewe haina ladha, na kupika hakuiondoi. Hata upimaji una hila zake: punje chache zinaweza kubeba sumu yote ya gunia, hivyo kuchota konzi moja ya juu ni kujidanganya.

Kwa hiyo tabibu wa zahanati ndiye kipimo cha kwanza. Akipokea watoto wawili wa nyumba moja wenye manjano, aulize wamekula nini, kisha atoe taarifa wilayani siku hiyohiyo.

Nawe msomaji, anika mahindi juu ya turubai, si udongoni. Yaliyoota ukungu usiwape hata kuku.