Maji Yanayoruhusiwa Katika Mfereji wa Mvua

Katika miji mingi ya Marekani iko mifereji ya namna mbili chini ya ardhi. Mmoja huchukua maji machafu ya chooni na jikoni mpaka mahali pa kuyasafishia. Wa pili hupokea maji ya mvua barabarani, nao kwa kawaida hauna pa kusafishia: kila kiingiacho hutokea mtoni, ziwani au baharini. Kwa hiyo amwagaye humo mafuta machafu ya motokaa, au rangi, ni sawa na kumwaga mtoni penye samaki.

Sheria ya maji ya mwaka 1972 iliongezwa mwaka 1987, miji ikaamriwa kuzuia katika mifereji hiyo kila kisicho maji ya mvua. Lakini chemchemi haisikii amri! Basi kanuni za mwaka 1990 zikataja maji yasiyozuiwa, ila yakionekana kuleta uchafu: maji ya chemchemi, ya kunyweshea bustani, yatonayo katika mitambo ya kupozea hewa, na ya mwenye nyumba aoshaye motokaa yake. Ya wazima moto vivyo hivyo. Nyumba ikiungua, nani atangoja kuuliza maji yaendako?

Maji ya dimbwi la kuogelea yana sharti. Klorini, dawa iuayo vijidudu, sharti iondolewe kwanza, maana huua samaki pia. Tena mji waweza kukaza zaidi: iko miji isiyokubali hata povu la sabuni mferejini, na watu huko huoshea motokaa zao juu ya majani, maji yakanywewa na udongo.