KIJINENO KIDOGO, MAANA KUBWA

Askari wa Bujumbura na vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia

Mji wa Bujumbura, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, haujapata kuwa mji wa lugha moja. Majumbani husikika Kirundi. Katika mitaa kama Buyenzi, Kiswahili ndicho kitawalacho. Na maofisini, tangu Wabelgiji walipoitwaa nchi kutoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916, karatasi zimeandikwa kwa Kifaransa. Kwa miaka mingi mtu aliyezijua lugha hizo tatu alijihesabu kuwa amekamilika. Kiingereza kilikuwa lugha ya jirani.

Mambo yakabadilika. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake, uliotiwa saini mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Desemba ya mwaka huo huo wa 2007, wanajeshi wa kwanza wa Burundi waliwasili Mogadishu kuungana na wenzao wa Uganda katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, AMISOM. Mwaka 2014 sheria ikakiweka Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Hivyo askari aliyesomeshwa kwa Kifaransa akajikuta anapokea amri kwa lugha ambayo shuleni aliipitia juu juu tu.

Yafaa ieleweke kwamba maneno marefu ya Kiingereza hayamsumbui sana mtu wa namna hiyo. "Operation", "administration" na "investigation" ni ndugu wa maneno ya Kifaransa, naye huyatambua kama mtu anavyomtambua jamaa yake aliyevaa nguo ngeni. Kinachomwangusha ni maneno mafupi: "go", "get", "put", "take", yanapofuatwa na vijineno kama "up", "off", "out" na "down". Kila neno peke yake analijua. Yakikaa pamoja hayajui tena.

MKIA UNAOGEUZA MNYAMA

Chukua kitenzi "go", yaani kwenda, na kijineno "off", chenye maana ya kuachana na mahali. Taa zikizimika, Mwingereza husema zimefanya "go off". Maziwa yakichacha, nayo yamefanya "go off". Na bomu likilipuka, hilo nalo limefanya "go off". Taa imekufa, bomu limefufuka, na kitenzi ni kile kile. Mwanafunzi akiuliza sababu, mwalimu mwaminifu hana budi kumwambia kwamba maana ya kitenzi cha namna hii haipatikani kwa kujumlisha maneno yake mawili, na kwamba maneno yaliyo jirani ndiyo yanayoamua.

Shida hii si ya Warundi peke yao. Samuel Johnson, mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyochapwa London mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Wahispania na Waitaliano hulalamika vivyo hivyo, kwa kuwa lugha zao, kama Kifaransa, ni watoto wa Kilatini, nazo hupenda kuitia maana yote ndani ya kitenzi kimoja.

Sababu ya hali hiyo imo katika historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka upande wa Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa karne kadhaa wakubwa wa nchi walisema Kifaransa ilhali wakulima na watumishi walisema Kiingereza. Lugha mbili zikakaa nyumba moja. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kina majina mawili kwa mambo mengi: moja la barazani na moja la jikoni. Kuzima moto ni "extinguish" katika taarifa, na "put out" mdomoni mwa watu. Kuahirisha ni "postpone" kwa karani, na "put off" kwa mkewe. Kuchunguza ni "investigate" katika jalada, na "look into" katika mazungumzo. Askari aliyesoma Kifaransa amekwisha kupewa nusu ya barazani bila jasho. Nusu ya jikoni ndiyo inayomdai.

MSAADA ULIO NYUMBANI

Wengi hutafuta msaada kwa Kifaransa wasiupate, wakasahau kuwa wanao nyumbani. Kirundi kina kitenzi "gushira", yaani kuweka. Mrundi akitia kitu ndani husema "gushiramwo". Akiongeza juu ya kitu, "gushirako". Akianzisha au akisimamisha jambo mahali, "gushiraho". Vivyo hivyo "kuva" ni kutoka. "Kuvamwo" ni kutoka ndani ya kitu, na "kuvako" ni kuondoka juu yake. Vimkia hivyo, "mwo", "ko" na "ho", hufanya kazi iliyo karibu sana na ile ya "in", "on" na "up" katika Kiingereza. Mtoto wa Kirundi hajapata kufundishwa darasani jinsi ya kuvitumia. Alivinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Kiswahili nacho kina funzo lake. Mtu anapiga pasi, anapiga simu, anapiga deki, anapiga kura na kupiga magoti, na katika yote hayo hakuna aliyepigwa. Anakata tiketi, anakata shauri, anakata rufaa na kukata tamaa, wala hakuna kisu. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hushangaa. Mwenyeji hashangai, kwa sababu hakujifunza "piga" peke yake, alijifunza "piga pasi" akiwa anatazama pasi. Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia vinataka kujifunzwa kwa njia hiyo hiyo: kitenzi na mkia wake kama neno moja, pamoja na jambo lenyewe linalotendwa.

KATIKA KAZI YA ULINZI

Kwa mwanafunzi wa kawaida, kosa huleta kicheko. Kwa askari, kosa laweza kuleta msiba. Tazama kitenzi "stand", kusimama. "Stand by" ni kaa tayari, ungoje amri. "Stand to" ni shika nafasi yako, adui aweza kuja. "Stand down" ni kinyume chake: tahadhari imekwisha, pumzika. Anayesikia "stand" tu, mkia ukamezwa na mikwaruzo ya redio, hajui kama anaitwa vitani au anaruhusiwa kwenda kunywa chai.

Kadhalika "fall", kuanguka. "Fall in" ni jipangeni mstari; "fall out" ni vunjeni mstari; "fall back" ni rudini nyuma kwa utaratibu. Hakuna anayeanguka. "Hold on" ni ngoja kidogo, au shikilia usiachie. "Hold off" ni zuia, au usianze bado. "Take out" ni kitenzi cha kuogopwa zaidi: raia humfanyia mchumba wake "take out" kwa kumpeleka kula chakula mjini, ilhali kamanda akiagiza shabaha ifanyiwe "take out" anataka iangamizwe.

Upo mtego mwingine unaowangoja hasa watu wa Kifaransa, ingawa huo hauna mkia. Asiyesikia vizuri kwa Kifaransa huomba mwenzake arudie kwa neno "répéter", na moja kwa moja ulimi wake wa Kiingereza huleta "repeat". Katika utaratibu wa mizinga wa majeshi ya Uingereza na Marekani, na ya wale waliofuata mtindo wao, "repeat" ni amri ya kupiga tena mahali pale pale kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana redioni husemwa "say again". Maneno hayo mawili mafupi yafaa kumtangulia kila askari kabla hajashika redio.

Kwa polisi, orodha ni nyingine. "Pull over" ni amri kwa dereva kusimama kando ya barabara. "Break in" ni kuvunja na kuingia, kazi ya mwizi. "Break out" ni kutoroka kifungoni, na pia vita au kipindupindu kinapozuka. "Hand over" ni kukabidhi, iwe zamu, funguo au mtuhumiwa. "Let off" ni kumwachilia mkosaji kwa onyo. Polisi wa bandarini au mpakani anayeandika kwamba mtu alifanya "break out", ilhali alifanya "break in", amemgeuza mwizi kuwa mfungwa mtoro.

NYUMBANI NA HOSPITALINI

Jiko ndilo darasa bora, kwa kuwa humo kila kitenzi kina kitu chake. Redio huwashwa kwa "turn on" na kuzimwa kwa "turn off". Sauti hupandishwa kwa "turn up" na kupunguzwa kwa "turn down". Nguo huvaliwa kwa "put on" na kuvuliwa kwa "take off", na ndege nayo hufanya "take off" inapoiacha ardhi. Takataka hutupwa kwa "throw away". Sukari inapokwisha, wenyeji wa Kiingereza husema wamefanya "run out of sugar", kana kwamba wamekimbia wakatoka ndani ya sukari. Kumlea mtoto ni "bring up". Mtoto mwenyewe kukua ni "grow up".

Lakini mama aangalie mikia hospitalini. "Throw away" ni kutupa, "throw up" ni kutapika. Zaidi ya hayo, lipo neno "pass". Katika makambi ya Uganda na Kenya, kuruti akihitimu mafunzo husemwa amefanya "pass out", na siku hiyo hupigwa bendi na ndugu wakaalikwa. Daktari akisema mtu amefanya "pass out", ana maana kwamba amezimia. Na akisema amefanya "pass away", mtu huyo amefariki dunia. Fikiria barua fupi au ujumbe wa simu unaofika nyumbani Kamenge au Musaga, umeandikwa na mwenzi wa Kiganda kwa nia njema, ukisomwa na mtoto wa shule mbele ya mama yake. Kati ya sherehe, zimio na kilio kuna kijineno kimoja tu, na maneno yaliyokizunguka. Kabla machozi hayajamwagika, ujumbe na usomwe wote hadi mwisho.

KANUNI TATU ZA KUSHIKA

Kwanza, mahali pa kitu kinachotendwa. Mtu aweza kusema "put out the fire" au "put the fire out". Yote mawili ni sawa. Lakini moto ukiwakilishwa na "it", kiwakilishi hicho hakina budi kukaa katikati: "put it out". Hata hivyo vipo vitenzi visivyokubali kutenganishwa, kama "look after", yaani kutunza. Husemwa "look after the child", na "look after her", mkia ukiwa umeshikamana.

Pili, nguvu ya sauti. Katika vitenzi vingi vya aina hii, kama "sit down" na "turn off", Mwingereza hukaza sauti kwenye mkia. Sikio la mwanafunzi na lifundishwe kuungoja mkia huo. Na mkia usiposikika, amri isomwe tena kwa aliyeitoa ili aithibitishe. Kufanya hivyo si aibu. Ni nidhamu ya redio.

Tatu, tabia za mikia yenyewe. "Up" mara nyingi huonyesha kumaliza kabisa: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia hata kikaisha. "Back" huleta kurudi, na "down" huleta kupungua au kutulia. Hizi si sheria za chuma, bali ni fimbo ya kutembelea gizani.

NJIA YA KUJIFUNZA

Kosa la wengi ni kukaa na orodha ndefu iliyopangwa kwa kitenzi: "get up, get off, get in, get over", mpaka yote yanafanana. Afadhali vitenzi vikusanywe kwa shughuli. Wiki hii jiko, wiki ijayo gari, wiki ya tatu zamu ya ulinzi. Vitano kwa wiki vinatosha, kila kimoja kikiandikwa katika sentensi kamili juu ya jambo lililotokea kweli nyumbani au kazini. Atakayefuata mwendo huo kwa mwaka mmoja atakuwa na zaidi ya mia mbili na hamsini.

Isitoshe, siku hizi watoto wa shule za msingi nchini hufundishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Baba aliyerudi kutoka zamu na asione haya kumwuliza mwanawe. Mtoto amwamuru baba kwa Kiingereza azime redio, aishushe sauti, avue viatu, na baba atende. Kucheka pamoja hakuvunji heshima ya mzazi, na neno lililochekewa halisahauliki upesi.

Kazi ya AMISOM ilipokelewa na jeshi jingine la Umoja wa Afrika, ATMIS, mwezi Aprili 2022, nalo likafikia mwisho tarehe 31 Desemba 2024. Burundi haikuendelea katika lile lililofuata. Walakini Kiingereza hakikubaki Mogadishu. Kimo katika mikutano ya Arusha, katika mizigo inayopitia Dar es Salaam, na katika mazoezi ya pamoja na majeshi ya majirani. Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Mwenye kukihesabu kijineno cha herufi mbili kuwa kitu kidogo, na akumbuke kwamba kati ya "stand to" na "stand down" yamo maisha ya watu.