Kivuli cha Ediofe
Ukitoka Vurra kuelekea kaskazini, hufiki mbali kabla ya Ediofe, kando ya mji wa Arua, lilipo Kanisa Kuu la jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1958. Askari mwenye filamu isiyo ya rangi, akiisha kupewa ruhusa na padri, asitumie taa ya kamera. Itaangaza viti vya mbele tu. Twampendekezea apime mwanga penye kivuli, kwani kivuli kisichoingia katika filamu hakirudishwi na dawa yoyote. Tena filamu huchoka gizani: kipimo kikisema sekunde 10, nyingi huhitaji 20 hivi. Asiye na miguu mitatu aegemeze kamera juu ya benchi, abonyeze taratibu kama afyatuavyo bunduki penye shabaha.