Neno Moja, Kumbukumbu Nyingi: Namna ya Kutafuta Habari za "Upatu" Kabla ya Kutoa Fedha

Mlaji anayealikwa leo kujiunga na mpango wa kuchangishana fedha ana nyenzo ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Hukumu za mahakama, taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, matangazo ya Gazeti la Serikali, orodha za taasisi zenye leseni na habari za magazeti ya miaka iliyopita zimewekwa kwa wingi kwenye mtandao, na nyingi kati yake husomeka kwa simu ya mkononi bila ada. Hata hivyo, kumbukumbu hizo hazikuandikwa na mkono mmoja wala hazitunzwi katika ghala moja. Mara nyingi kinachoziunganisha ni neno moja tu. Anayelitafuta neno hilo kwa utaratibu huweza kuokoa akiba ya miaka mingi. Anayelitafuta kwa pupa huweza kuamini jambo lisilokuwapo, au kumtia hatiani mtu asiye na kosa.

Katika makala haya tunalichukua neno "upatu" kuwa mfano. Tumelichagua kwa sababu linabeba maana zaidi ya moja, na kwa sababu wanaolikosea hupoteza fedha.

Maana tatu za neno moja

Maana ya kwanza ni ya kale. Upatu ni sahani ya madini, aghalabu shaba, inayopigwa kwa kijiti katika ngoma za pwani. Atakayeandika neno hili peke yake katika kisanduku cha kutafutia asishangae kuletewa maelezo ya ala za muziki.

Maana ya pili ni mchezo wa fedha unaojulikana mitaani na vijijini. Watu wanaoaminiana huchanga kiasi sawa, na kila zamu mmoja wao hupokea jumla yote. Wengine huuita mchezo au kibati, na anayekusanya fedha huitwa kijumbe. Wanachama kumi wakichanga shilingi 20,000 kila wiki, kila wiki mmoja hupokea shilingi 200,000. Baada ya wiki kumi, kila mmoja atakuwa ametoa shilingi 200,000 na kupokea shilingi 200,000. Hapana faida wala riba; lililopo ni kusaidiana kupata fedha nyingi kwa mkupuo.

Maana ya tatu ndiyo inayohusu makosa ya jinai. Huu ni mpango unaoahidi faida, ilhali malipo ya waliotangulia hutoka katika fedha za wanaoingia nyuma yao. Hesabu yake haiwezi kudumu. Iwapo kila mshiriki anahitaji washiriki wawili wapya ili alipwe, basi mtu wa kwanza atahitaji wawili, hao wawili watahitaji wanne, na wanne watahitaji wanane. Mzunguko wa 20 utahitaji watu wapya zaidi ya milioni moja. Mzunguko wa 26 peke yake utahitaji watu 67,108,864, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, watoto wachanga wakiwamo. Mpango huu huanguka mapema zaidi ya hapo, na waliojiunga mwishoni, ambao ndio wengi, hubaki mikono mitupu.

Mfano unaosomeka katika kumbukumbu

Mpango uliojulikana kwa jina la DECI ni mfano ulioacha alama katika kumbukumbu za aina nyingi. Washiriki wake waliambiwa kwamba "wanapanda" fedha ili baadaye "wavune" zaidi. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati na shughuli zake zikasimama. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha mradi wa upatu na kupokea amana za umma bila leseni, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani baadhi yao.

Mlaji anayetaka kuifahamu habari hiyo yote hataikuta katika ukurasa mmoja. Atapata kilio cha washiriki katika magazeti, maswali ya wabunge katika taarifa za Bunge, na masuala ya kisheria katika kumbukumbu za mahakama. Kila mahali jambo limeandikwa kwa maneno ya mwandishi wake.

Hatua za kutafuta

1. Anza na neno pana, kisha libane. Andika "upatu", tazama kinachojitokeza, halafu ongeza neno la pili: "mahakama", "leseni", "Bunge", jina la mji au mwaka. Neno la pili ndilo litakalotenga muziki na jinai.

2. Jina lenye maneno mawili au zaidi liweke ndani ya alama za kunukuu ili litafutwe kama lilivyo. Tahadhari na vifupisho. Herufi za DECI, kwa mfano, zimo ndani ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya uamuzi, ambayo hujaa katika kila hukumu. Katika hali hiyo ongeza "Kisutu" au "2009".

3. Tafuta pia kwa maneno ya waendeshaji wenyewe. Hakuna anayekualika katika mpango haramu akauita upatu haramu. Atasema kupanda, kuvuna, kuwekeza, kusaidiana au kuinuana. Chukua maneno yaliyomo katika ujumbe uliotumiwa na uyatafute pamoja na jina la mpango.

4. Tafuta kwa nambari. Nambari ya kifungu cha sheria haibadiliki kwa kubadilika lugha. Katika kesi za upatu hutajwa kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa kuwa sheria zinapotolewa upya vifungu huweza kupangwa upya, hakiki nambari katika toleo la karibuni, lakini usiiache ya zamani unapotafuta kesi za zamani.

5. Badili lugha. Majadiliano ya Bunge huendeshwa kwa Kiswahili, lakini hukumu nyingi zilizomo katika TanzLII, hifadhi huria ya sheria na hukumu za Tanzania, zimeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya utoaji haki. Hata hivyo, kumbukumbu za nyuma zimebaki katika lugha zilizoandikiwa. Jina la kampuni na nambari ya kifungu hukuvusha kikwazo hiki.

6. Kumbuka kwamba kurasa za zamani ni picha. Magazeti ya Serikali ya miaka ya nyuma, kama yale yaliyomo katika hifadhi ya Gazettes.Africa, yamepigwa picha, kisha kompyuta ikajaribu kuyasoma maandishi. Wino uliofifia huifanya isome herufi moja badala ya nyingine. Ukikosa jina zima, jaribu sehemu yake. Ukikosa hiyo pia, fungua matoleo ya mwezi unaohusika na usome kwa macho.

Kila kumbukumbu ina uzito wake

Neno likishapatikana, kazi haijakwisha. Kumbukumbu mbili zaweza kuwa na neno lilelile na zisiwe na nguvu sawa.

Habari ya gazeti hueleza kilichojulikana siku ile. Swali la mbunge huonyesha kwamba jambo limelalamikiwa, haliwi uamuzi. Shtaka ni tuhuma mpaka mahakama iseme. Hukumu ni uamuzi, lakini yawezekana ilikatiwa rufaa, kwa hiyo tafuta kama kuna uamuzi wa mahakama ya juu baada yake.

Uangalifu mkubwa zaidi unatakiwa katika usajili. Waalikaji wengi huonyesha cheti cha Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kama uthibitisho wa uhalali wa mpango wao. Cheti hicho huthibitisha kwamba kampuni au jina la biashara lipo katika daftari. Hakitoi ruhusa ya kupokea amana za watu. Ruhusa hiyo ni leseni, na orodha ya benki na taasisi za fedha zenye leseni hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania katika tovuti yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vimo katika daraja la tatu, na vikundi vya kijamii katika daraja la nne. Muulize anayekualika: ninyi mmo daraja gani, na nani aliyewapa leseni au kuwasajili? Kisha usiridhike na jibu lake, litafute mwenyewe.

Tazama vilevile kama jina ulilopata ni la mhusika yuleyule. Majina hufanana, na watu wasiohusika huchafuliwa kwa kufanana huko. Linganisha nambari ya usajili, anwani na mwaka. Kwa sababu hiyohiyo, kikundi cha jirani zako wanaochezeana mchezo kisihesabiwe kuwa haramu kwa kuwa tu neno "upatu" limeonekana katika kesi ya jinai. Tofauti inaonekana katika maswali mawili: je, yeyote anaahidiwa kupata zaidi ya alichochanga? Je, malipo yake yanategemea kuingiza watu wapya?

Ukimya wa kumbukumbu

Wapo wanaotafuta jina la mpango, wasipate kesi wala onyo, wakaona ni salama. Hili ni kosa linalogharimu sana. Kumbukumbu huja nyuma ya tukio. Katika mfano wa DECI, shughuli zilisimama mwaka 2009 na hukumu ikatoka mwaka 2013. Mtu aliyetafuta hukumu mwaka 2010 hakuweza kuipata, wakati fedha za washiriki zilikuwa zimekwishanasa. Mpango ulioanzishwa mwezi uliopita hautakuwa na kesi, na jina jipya halina historia hata kama waendeshaji wake wanayo. Kwa hiyo kutoonekana kwa jina miongoni mwa waovu hakutoshi. Linapaswa kuonekana miongoni mwa wenye leseni. Lisipoonekana huko, usitoe fedha.

Ukishapata, hifadhi

Kurasa za mtandao huhamishwa na nyingine hufutwa. Unapopata kumbukumbu yenye maana, hifadhi nakala yake pamoja na anwani ya ukurasa na tarehe uliyoisoma. Fanya hivyo pia kwa ujumbe wa mwaliko, risiti za malipo ya simu na majina ya makundi ya WhatsApp. Iwapo umekwishatoa fedha na una shaka, usisubiri "zamu" yako ifike, wala usiwaalike wengine ili kurudisha chako. Kuwaingiza wengine huongeza idadi ya wenye hasara na kwaweza kukutia wewe mwenyewe mashakani. Peleka vielelezo hivyo polisi, na toa taarifa Benki Kuu endapo mpango unapokea amana bila leseni.

Kwa kawaida mwalikaji atakuhimiza uamue leo, kwa madai kwamba nafasi zinakwisha. Utafutaji tulioueleza hapa huchukua saa chache. Mpango halali utakuwapo kesho, na mwenye leseni hatachukia kuulizwa nambari yake.